Hatua za Mkunga

Mwalimu wa stadi za maisha alikuwa amelifundisha somo hilo miaka kumi na mmoja, na siri yake, ambayo hata mumewe hakuijua, ni kwamba alikuwa haliamini tena. Kila mwaka aliwauliza watoto wa miaka kumi na tatu wangependa kufanya kazi gani, na kila mwaka walimjibu kama waliokaririshwa: daktari, rubani, mwanasheria. Safari hii mmoja tu hakuandika kitu. Huyo alikuwa binti wa fundi viatu, ambaye wenzake walimwita Gundi kwa sababu sare yake ilinukia gundi ya kibanda cha baba yake. Alikaa dawati la nyuma, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

Mwalimu akasema liwalo na liwe, watoto hawa wakaione kazi kwa macho yao. Aliandika barua huku na kule. Iliyomjibu ni karakana moja tu, ya kutengeneza miguu ya bandia, iliyokuwa nyuma ya hospitali, ukishapita jengo la kufulia mashuka. Basi Alhamisi asubuhi akawapanga watoto wake ishirini wawiliwawili, wakaenda.

Njiani mcheshi wa darasa alisema yeye miguu anayo miwili na inamtosha, asante. Walicheka mpaka mlangoni. Ndani, kicheko kilikatika chenyewe. Miguu ilining'inia ukutani kwenye kulabu, mstari mzima, mirefu na mifupi, na mmoja ulikuwa mdogo kiasi kwamba ungeenea kwenye mfuko wa koti. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Fundi alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye plasta ya jasi iliyokauka mpaka kwenye nyusi. Aliwaeleza jinsi anavyofunga kigutu, yaani kipande cha mguu kilichobaki, kwa bandeji yenye plasta mbichi apate umbo lake, kisha anavyochonga na kupiga msasa, anapima, anarudia. Lakini kazi kubwa, alisema, ni kusikiliza, maana watu huficha maumivu wasionekane wasumbufu, na asiyejua kuuliza kwa upole atampa mtu mguu wa kumtesa. Mwalimu alisikia sura nzima ya kitabu chake ikisemwa na mtu ambaye hajawahi kukifungua.

Wakati huo akaingia mama mmoja kwa magongo, na nyuma yake mdogo wake wa kike amebeba boksi la viatu. Watoto wakamwamkia shikamoo kwa pamoja. Alikuwa mkunga wa hospitali hiyohiyo. Ajali ilimkata mguu chini ya goti mwaka uliopita, na leo alikuja kuuchukua mpya. Fundi alimuuliza kama wageni watoke. Mkunga akasema wabaki, yeye ameshaona watu katika hali ngumu kuliko hiyo, na wengine wao hawakuwa na nguo hata moja.

Akafungwa mguu, akavalishwa viatu vipya alivyonunuliwa na mdogo wake, akasimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Hatua ya kwanza goti lilimkunjika. Ya pili vilevile.

"Nasukumwa mbele," alisema. "Kama nateremka mlima, na sakafu iko tambarare."

Fundi alikaza mikanda, akabadilisha soksi ya kigutu, akapima kiuno. Mguu uleule wiki iliyopita ulikaa vizuri, alinung'unika, leo umegoma. Jasho likamtoka. Kisha akafanya jambo ambalo mwalimu hakuwahi kuona mtu mzima akilifanya mbele ya watoto.

"Nimekwama," aliwaambia. "Macho mengi huona mengi. Nyinyi mnaona nini?"

Sauti ikatoka nyuma ya wote.

"Naomba nikione kiatu alichokuja nacho."

Alikuwa Gundi. Akakipokea, akachuchumaa, akakisimamisha sakafuni kando ya kile kipya alichovaa mkunga, akapitisha kidole gumba kwenye visigino.

"Kisigino cha kipya kimezidi kwa upana wa kidole," alisema. "Mguu ulipimwa kwa hiki cha zamani. Kisigino kikipanda, mtu lazima aende mbele."

Fundi alikitazama kiatu, akajigusa paji la uso. "Goti nimelitazama, kiuno nimekitazama. Kiatu nimekiruka."

Angeweza kumwambia arudie vile vya zamani, yakaisha. Lakini mkunga alisema hivi vipya ndivyo anavyotaka kurudi navyo wodini. Basi fundi akachukua spana ndogo akaanza kulegeza skrubu za kifundo, na Gundi akapiga magoti, shavu karibu na sakafu, atazame soli inavyokaa.

"Bado," alisema. "Bado kidogo. Hapo."

Mkunga akapiga hatua. Akapiga nyingine. Kwenye ya tatu aliachia chuma cha kulia, kwenye ya tano akaachia cha kushoto. Akaenda mpaka ukutani peke yake, akagusa ukuta kwa kiganja kama mtu aliyefika ng'ambo ya mto.

"Maelfu nimewapokea mimi," mkunga alisema, bado ameutazama ukuta. "Sikujua hatua ya kwanza ina uzito huu."

Mwalimu alikuwa ameandaa maswali kumi ya kuwauliza watoto pale pale. Hakuuliza hata moja. Walirudi bila mstari na hakuna aliyewakemea, na mcheshi alitembea anatazama miguu yake mwenyewe.

Kwenye geti la shule mwalimu alimshika Gundi bega, akamuuliza alijuaje.

"Sikujua, Mwalimu. Mimi huwa natazama viatu vya watu tu. Nilidhani kila mtu huvitazama."

Mwalimu alibaki pale getini, akaona binti anaingia uani, na wenzake wanamsogelea mmoja mmoja, wanamnyanyulia nyayo zao awasomee soli.