Paneli Tatu Juu ya Basi

Majirani walimwita Mama Vipimo kwa sababu futikamba haikumtoka mfukoni. Basi dogo kuukuu alilonunua alilifanya nyumba ya safari: kitanda nyuma, jiko ubavuni, friji ndogo chini ya benchi. Fundi umeme akamfungia paneli tatu za sola juu ya paa.

Friji hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya safari. Dawa ya sukari ya mama mkwe wake haikai bila ubaridi, njia ya kwenda kwa dada wa bibi huyo ni ya siku nne, na hajamtia machoni kwa miaka tisa.

"Tuijaribu hapa uani siku mbili," mume alisema. "Tuweke chupa ya maji tu. Friji ikizima, mama haendi."

"Haizimi," alijibu Mama Vipimo.

Siku ya kwanza friji ilinguruma kama paka aliyeshiba. Mama mkwe akafunga begi, akalifungua, akaongeza viatu, akalifunga tena.

Siku ya pili, saa nane mchana, jua kali, friji ikanyamaza. Betri tupu. Mama mkwe alianza kutoa nguo begini, moja moja, na hilo ndilo lililomchoma Mama Vipimo. Akashika simu.

"Fundi, ulinifungia paneli au ulinipambia paa? Njoo na ngazi yako, na aibu yako uje nayo."

Fundi akaja, akapanda taratibu. Kisha sauti ikashuka toka juu: "Mama, hizi shuka ni za nani?"

Mama Vipimo akahisi masikio yanawaka. Asubuhi alifua, akagusa kile kioo cheusi cha paneli, akakikuta cha moto kama kikaango. Pa kuanikia pazuri kuliko hapo patoke wapi? Alipima hata upana: shuka mbili zilienea barabara.

"Paneli hizi zimeunganishwa moja baada ya nyingine," fundi alisema. "Ukifunika moja, zote zinalegea. Wewe umefunika mbili na nusu."

"Hiyo nusu ni nini?" mume akauliza.

"Suruali yako," alisema mkewe.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya basi. "Mke wa mwanangu, wewe unayenipimia hata chumvi!"

"Fundi," Mama Vipimo akasema, "maneno yangu ya simu nayameza. Kosa ni langu."

"Na aibu yangu niiache au nirudi nayo?"

"Iache. Nitaivaa mimi."

Mume akakohoa. "Lakini makubaliano ni makubaliano. Friji imezima."

"Haikuzima," mama yake akamkata. "Imezimwa na mkeo. Ongeza siku moja, mwanangu, usiwe mgumu kama baba yako."

Akaongeza siku moja. Mama Vipimo akafunga kamba ya kuanikia kutoka dirisha la jikoni la nyumba yao hadi kwenye nguzo ya lango, hatua kumi na mbili kutoka kwenye basi. Alizipima mara mbili.

Kesho yake jioni mume alifungua friji, akanywa yale maji, akashika shavu kwa jino lililouma kwa baridi.

"Tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

Begi lilikuwa limeshafungwa, na mama mkwe alikuwa amelikalia.