Likizo ya Binti wa Mshonaji

Siku mashine za kujenga daraja zilipoingia mtaani, vioo vya madirisha vilitetemeka, na binti wa mshonaji akashindwa hata kumaliza chai. Alikuwa fundi wa kufunga nondo, tena si wa kubabaisha, na tangu ujenzi wa jengo alilokuwa akilifanyia kazi mjini usimamishwe, mikono ilikuwa ikimwasha. Sasa kazi ilikuwa imemfuata hadi mlangoni kwao. Alifurahi mpaka akajicheka mwenyewe.

Masharti ya mradi yalikuwa wazi. Kazi zote za mikono wapewe kwanza wakazi wa mtaa wasio na ajira, na majirani ndio watakaowathibitisha hadharani, mkutanoni. Yeye angekosaje? Alizaliwa hapo hapo, na tangu arudi alikuwa akilala chumba cha nyuma, katikati ya mabunda ya vitambaa vya mama yake.

Shida ilikuwa mama. Alikwisha kuwatangazia watu kwamba binti yake ni mtu wa ofisini, amekuja likizo tu. Likizo gani hiyo, mvua zimekuja mpaka zikaondoka? Lakini mama hakurudi nyuma. Alimshonea binti suti ya kijivu, akamkataza kwenda hata dukani kununua chumvi bila kuivaa. Ovaroli yake ya kazi ilianikwa ndani, nyuma ya cherehani. Mtaa mzima ukamwita Bi Likizo, naye akavumilia, maana mama ni mama.

Siku ya mkutano alitoka na ovaroli yake. Mama alimwona, akakaza midomo, akamfuata nyuma.

Darasa la shule walimokutana lilijaa pomoni, wengine wakaning'inia madirishani. Kila aliyeitwa alisimama, majirani wakaitikia, "Wetu huyo," na makofi yakafuata. Moyo wa binti ulimdunda kwa raha. Zamu yake ilipofika alisimama kwa pupa, kiti kikaanguka.

"Na huyu je?" mwenyekiti wa mtaa akauliza.

Muuza mkaa, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akainuka taratibu. "Mwenyekiti, mimi sina ubaya na mtoto wa jirani yangu. Nampenda. Ila huyu ana ofisi yake, yuko likizo tu. Tukimpa nafasi, si tutamnyima mtu asiye na kazi?"

"Kweli kabisa," wengine wakaunga mkono, bila hila yoyote. Walikuwa wanatenda haki kwa jinsi walivyojua, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Binti akafungua kinywa. Angeweza kuyamaliza yote pale pale, lakini kwa kumwita mama yake mwongo mbele ya wateja wake wote. Akafunga kinywa, akainama kuokota kiti. Daraja lilikuwa linamponyoka hivi hivi, analiona.

"Subirini," mama akasema kutoka nyuma. Alikuwa amesimama, tepu ya kupimia ingali shingoni. "Hana ofisi. Hajawahi kuwa nayo. Mwanangu ni fundi wa nondo, kazi ya kule ilisimama, akarudi kwangu. Mimi nikaona aibu, nikawadanganya. Yeye hajamdanganya mtu."

Mwenyekiti akakuna kichwa. "Sasa, mama, hiyo likizo..."

"Imekwisha."

Aliyeanza kucheka ni muuza mkaa, na ndiye aliyeanza kupiga makofi. "Wetu huyo," akasema, na darasa zima likaitikia kwa kishindo. Binti alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Asubuhi ya kuanza kazi, alipoitafuta ovaroli nyuma ya cherehani, hakuikuta. Akatoka mbio nje. Ilikuwa inaning'inia juu ya mlango, pale mama alipozoea kutundika kazi zake nzuri za kuvutia wateja. Ilikuwa imepigwa pasi, na miguu yake iliyokuwa ikiburuzika chini ilikuwa imepindwa vizuri.

Muuza mkaa alikuwa amesimama akiitazama. "Hiyo bei gani, jirani?"

"Hiyo haiuzwi," mama akamjibu. "Ni ya binti yangu, fundi wa nondo."