Msalaba Ulioupa Mji Kisogo

Kwenye mji ule, ukimpita mtu bila salamu atakuuliza, "Vipi, siku hizi umekuwa msalaba?" Na msalaba wenyewe upo kileleni, huhitaji kuelekezwa. Mrefu kuliko jengo lolote la mjini, umewapa watu kisogo tangu siku uliposimamishwa.

Aliyeusimamisha ni fundi wa kuchomelea, marehemu baba yake huyu tunayemwita Fundi siku hizi. Wakati huo mabati meupe yalitosha upande mmoja tu, kwa hiyo mbele pakang'aa na nyuma pakabaki mbavu za chuma. Kazi yote ya kuchomelea ilifanyika msalaba ukiwa umelala chali. Wazee wa kanisa wakaona si adabu kichwa chake kielekee porini, wakaamuru kilazwe upande wa mjini waliko waumini. Kikalazwa hivyo. Sasa wewe jaribu nyumbani: lala chali, kichwa kikiwa mlangoni, halafu keti. Utautazama mlango? Utautazama ukuta. Ndivyo ilivyokuwa. Kamba zikavutwa, kwaya ikapaza sauti, msalaba ukainuka taratibu kama mgonjwa anayeketi kitandani, na ulipofika wima kwaya ikajinyamazia yenyewe.

Wazee wale wenye adabu wakayeyuka. Lawama akabaki nayo baba mtu, akaitwa Kisogo mpaka anaingia kaburini. Mwanawe akarithi mashine ya kuchomelea na jina pia: Kisogo Mdogo. Yeye alishazoea, hata kwenye simu alijitambulisha hivyo. Mama yake ndiye hakuzoea. Mwanamke asiyeshindwa maneno na kondakta wala karani, lakini utani huo ukipita tu, anainamisha kichwa.

Kwa hiyo kamati ya jubilei ya kanisa ilipomwomba Fundi aufungue msalaba na kuugeuza, mama alimfungia chai kwenye chupa mwenyewe. "Nenda kamsafishie baba yako jina," akamwambia. "Nife nikiwa nimeona."

Fundi akapanda na wenzake wawili, winchi ya kuinulia na kopo la oili. Nati za chini zilikuwa zimeshikana na kutu kama ndugu waliogombea urithi. Wakazimwagia oili, wakakaa kungoja ilainishe. Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa pili wa kilima, gauni jeupe, mwavuli mkononi, anahema. Alikuwa matroni wa hospitali ya wagonjwa wa kifua iliyoko huko nyuma, ambako watu wa mjini hawakanyagi kwa kuogopa kikohozi. Akamuuliza Fundi yeye ni nani. Fundi akajitaja, akausubiri utani.

Matroni akaweka mwavuli chini, akamshika mikono yote miwili.

"Mtoto wa yule aliyetukumbuka," akasema. "Mwanangu, vitanda vyetu vyote tumevigeuza viangalie dirishani. Mtu analala miezi, ndugu hawaji, anafungua macho asubuhi anauona ule weupe. Kila Jumapili tunamwombea baba yako."

Fundi angeweza kuipokea hiyo sifa akanyamaza. Lakini haikuwa yao. Akamweleza ukweli wote: kichwa, mjini, adabu ya wazee, na kwamba hapo walipo wamekuja kuugeuza.

Matroni akacheka mpaka akakaa juu ya zege. Akafuta macho. "Kwa hiyo miaka yote hii tumemshukuru Mungu kwa kosa la baba yako. Na sasa unataka tuache?"

Fundi akazitazama zile nati, akazifuta oili, akashuka.

Kwenye kamati alisema hatageuza kitu; atawabandikia mabati meupe upande wa mjini, kila mtu apate uso wake. Mwenyekiti akafoka kwamba tangazo la kugeuza msalaba limeshasomwa kanisani. Paroko akauliza kwa upole ni nani kati yao amewahi kuwatembelea wagonjwa wa huko nyuma. Kila mtu akaanza kukagua viatu vyake. Hoja ikapita.

Kwa mama haikupita. Alimsikiliza huku anaosha vyombo, hakugeuka. "Kwa hiyo jina linabaki."

Jumapili Fundi akampeleka hospitalini.

Wodi ilikuwa ndefu, inanukia dawa ya kusafishia sakafu, vitanda vyote vimeupa mlango mgongo. Matroni akatangaza kwamba huyu ndiye mke wa fundi wa msalaba. Wenye nguvu wakainuka. Mzee mmoja aliyeshindwa kuinuka akasogeza miguu yake ili mama akae kitandani kwake, auone vizuri dirishani. Msalaba ulikuwa unawaka kwa jua la asubuhi, mweupe wote, umewaangalia wao.

"Asante, mama," mzee akasema. Wa kitanda cha pili akaitikia, wa tatu, mpaka mwisho wa wodi.

Mama akaipanga khanga mabegani, akajiweka sawa kitandani, kichwa juu, akawajibu kama mwenye nyumba anayepokea wageni.

"Karibuni," akasema. "Karibuni sana."