Chipukizi Mbele ya Dirisha la Babu

Miguu ya Babu ilipokwisha nguvu, kiti chake kilihamia dirishani, na tangu siku hiyo geti likawa kazi yake. Kila aliyekuja alitangazwa kabla hajabisha. Wajukuu wakambandika jina la Mlinzi, naye akalipokea kama cheo.

Adui yake alikuwa ua wa mimea uliopita chini ya dirisha. Uliota kama umetumwa. Bibi aukate leo, wiki ijayo umeshafika kwenye nondo za dirisha. Mwisho bega la Bibi likagoma, ua ukaziba dirisha, na Babu akanyamaza, hata chai hakuulizia tena.

Bibi akakata kauli. Aliita kibarua, ua ukang'olewa wote, kisha yeye akaenda kwa muuza miche na kurudi na vichaka saba vya kimo kifupi, visivyopukutisha majani mwaka mzima.

"Hivi havipiti goti," muuza miche alimwambia. "Mwagilia vizuri mwaka wa kwanza, tandaza majani makavu chini, halafu viache viishi."

Akavipanda mbali mbali, hatua nzima kati ya kimoja na kingine. Mkwewe, mke wa mwanawe, fundi cherehani asiyependa kuona nafasi tupu, akashika kiuno.

"Mama, hivi ni vichaka au vifungo vya shati?"

"Ngoja, mwanangu. Vitanenepa mpaka vishikane mikono."

Mwaka wa tatu vilikuwa vimekaribia kushikana. Asubuhi moja mkwe akaja mbio jikoni, meno yote nje.

"Mama, njoo uone! Cha katikati kimeamka!"

Kweli, mbele kabisa ya kiti cha Babu, chipukizi lilikuwa limesimama wima kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu.

"Nakitilia mbolea kimyakimya," mkwe akajisifu. "Mwakani tuna ua wa maana. Wapita njia hawatatuchungulia tena."

"Na Babu naye asichungulie?"

Mkwe akatazama dirishani, sauti ikashuka. "Basi tukate ncha tu. Kimejitahidi, jamani."

"Tazama majani yake." Bibi aliinama taratibu. Majani ya chipukizi yalikuwa mapana, yameachana. Ya kichaka yalikuwa madogo, yamebanana kama punje za hindi. "Vichaka hivi vifupi vilitokana na virefu; hili limerudia urefu wa mababu zake. Si mbolea yako wala nini. Ukilikata ncha litatoa matawi matatu, litakula chakula cha wenzake, mwishowe kichaka chote kiwe ni lenyewe."

Akapenyeza mkono ndani, akalifuata chipukizi hadi lilipoanzia, akalikata hapo hapo. Kacha! Mkasi ukasema mara moja tu.

"Umeacha tundu, Mama."

"Litaziba. Kama nimengoja miaka mitatu, miezi michache itanishinda?"

"Na mbolea iliyobaki?"

"Katilie mboga. Zile zina haraka kama wewe."

Mkwe alikuwa bado anacheka, pale sauti ya Babu ilipotoka dirishani, nzito, ya mtu aliye kazini:

"Mke wa mwanangu! Mumeo huyo anakata kona. Mikono mitupu, kama kawaida yake!"

Wanawake wawili wakageukia geti. Lilikuwa bado limefungwa, na hakuna aliyebisha.