Nyumba Iliyokuwa Juu ya Pareto

Victorine alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi moja ya msimu wa maharagwe, mama yake alipokuwa akipepeta mlangoni. Upepo uligeuka, makapi yakamrudia Mukamurenzi usoni, akapiga chafya, na mtoto aliyelala kwenye mkeka akacheka. Halikuwa tabasamu la usingizini. Kilikuwa kicheko kamili, chenye sauti. Mukamurenzi aliweka ungo chini, akajifuta uso, akatoka kwenda kuita watu.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mlima unaotazama Burungu, nyumba ya miti na udongo yenye paa la nyasi. Wazazi wa mumewe, Mbonigaba, walilima hapo, na wazazi wao kabla yao. Nyuma ya migomba kulikuwa na makaburi mawili madogo, ya watoto waliomtangulia Victorine. Wa kwanza alikufa kabla hajaota jino. Wa pili aliota meno mawili, na siku ya jino la pili Mukamurenzi alisema wangoje ubatizo, wafanye karamu moja kubwa. Ubatizo haukufika. Tangu hapo Mukamurenzi hakuwa tena mtu wa kungoja.

Jirani yake, Dancille, alifika mbio, jembe lingali mkononi.

"Iko nini, Mama Victorine? Kuna mugonjwa?"

"Hapana. Mutoto amecheka."

"Amecheka tu?"

"Amecheka na sauti. Ikala, viazi viko kwa moto."

Dancille akakaa. Wengine wakaja, mmoja na kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mwingine na mahindi mabichi. Wakaimba wimbo wa kanisa, kisha mwingine usio wa kanisa. Jua lilipoinama, Dancille alitangulia kutoka, akatafuta ardhi kwa mguu, akaikuta mbali kidogo kuliko alivyoiacha. Nyumba ilikuwa imeinuka kiasi cha kiganja. Iliinuka yote, na sakafu yake, na mafiga yake, na mkeka. Chini ya sakafu ilining'inia mizizi ya majani, na kuku mmoja alikuwa amekwisha kuingia humo kutafuta wadudu.

"Muweke jiwe hapa mulangoni," Dancille alisema. "Muntu anaweza kuvunjika muguu."

Mbonigaba akaweka jiwe.

Jino la kwanza lilipotokeza, jiwe halikutosha. Likaja la pili juu yake. Victorine alikaa bila kushikwa, watu wakaitwa. Alishika kijiko mwenyewe na kujipaka uji sikioni, watu wakaitwa. Alitambaa kinyumenyume, akaingia chini ya kitanda, akashindwa kutoka, akalia. Hata hilo lilikuwa jipya, na maharagwe yakapikwa. Watu wa mlima walisema kwamba nyumbani kwa Mukamurenzi hata kupiga mwayo kuna karamu yake. Walisema hivyo wakiwa njiani kwenda. Kila mara nyumba ilipanda kidogo, mpaka Mbonigaba akakata mianzi na kutengeneza ngazi. Padri wa misheni alipopita kuona wagonjwa, alipanda, akabariki nyumba, akashuka akiwa amekunja kanzu, akauliza kama wanafikiri mvua itanyesha kabla hajafika bondeni.

Kiangazi kilipoanza, mlima ulipewa mtu mwingine. Alikuwa mkulima wa Kizungu ambaye tayari alikuwa na mashamba ya pareto ng'ambo ya mto, na watu walimwita Bwana Murefu. Kapita wake, msimamizi wa kazi aliyeitwa Evode, alipita nyumba kwa nyumba kutoa habari. Evode alikuwa mtoto wa mlima huohuo, tena alibatizwa siku moja na Mbonigaba, katika maji ya beseni moja.

"Huu mulima iko ya Bwana Murefu sasa," alisema. "Nyumba zote zenye kusimama kwa udongo wake zitabomolewa. Na bantu wataenda kuikala Kashuga."

"Nani ameutoa?" Mbonigaba aliuliza.

"Serikali."

"Ilikuwa yake?"

Evode alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. "Mimi niko natumwa tu, ndugu yangu."

Kisha akachukua fimbo yake, akaipitisha chini ya nyumba. Iliingia upande wa mlango, akazunguka, akaiona upande wa nyuma. Akajaribu pembe nyingine. Akasimama akikuna shavu.

"Hii yenu haisimame kwa udongo," alisema mwishowe.

"Basi?"

"Basi haitabomolewa. Lakini udongo njo wake."

"Na shamba?" aliuliza Mukamurenzi kutoka mlangoni, juu, mtoto mgongoni.

"Shamba iko udongo, Mama."

"Na makaburi?"

"Makaburi iko ndani ya udongo," Evode alisema, akaondoka na fimbo yake.

Watu wa mlima walihama kabla ya mvua. Dancille alikuja kuaga akiwa na chungu kichwani na mkeka kwapani.

"Kuja na sisi, Mama Victorine. Hapa mutakaa na nani?"

"Na bale wawili watabakia na nani?"

Dancille hakuuliza ni wawili gani. Aliweka chungu chini, akapanda ngazi, akambeba Victorine, akamnusa shingoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuondoka na harufu. Kisha akashuka, akabeba vitu vyake, akafuata wenzake.

Migomba ilikatwa. Pareto ikapandwa kwa mistari mpaka chini ya nyumba, na nyuma ya nyumba pia, na mistari haikupinda ilipofika kwenye makaburi. Maua yalipochanua, mlima wote ulikuwa mweupe. Mukamurenzi alipokuwa akinyonyesha mlangoni aliona vizuri mahali penyewe, ingawa palikuwa peupe sawa na kwingine. Mbonigaba, ambaye hakuwa tena na mahali pa kupanda maharagwe, alikwenda kwa Evode kuomba kazi, akapewa kapu la kuchumia maua. Kila asubuhi alishuka ngazi, akaanzia kazi chini ya sakafu yake mwenyewe, ambako maua yalichelewa kwa sababu ya kivuli.

Siku moja Victorine alisimama, akaachia mguu wa kitanda, akatembea mpaka kwa mama yake. Hatua zilikuwa chache, lakini hazikuwa na ubishi. Mukamurenzi akapiga kigelegele, akakimbilia mlangoni, akajaza kifua hewa ili aite. Mbele yake kulikuwa na maua. Ukungu ulikuwa umekaa juu yake. Alibaki pale, mdomo wazi, kisha akaufunga, akarudi ndani, akampa mtoto kipande cha kiazi.

Jioni Mbonigaba alipopanda ngazi, alisema, "Nyumba imeshuka."

"Mutoto ametembea," mkewe alisema.

"Na imeshuka?"

"Sikuona muntu wa kuita."

Baada ya hapo nyumba iliendelea kushuka, polepole, bila kelele. Kipande cha chini cha ngazi kilianza kulala kwenye nyasi. Mbonigaba alikikata. Wote wawili walijua fimbo ya Evode. Jumapili moja Mukamurenzi alichinja jogoo, akampika kwa chumvi na majani ya mboga, akamweka mtoto katikati ya nyumba.

"Tazama Victorine, amekohoa vizuri sana!" alisema, akapiga makofi.

"Amekohoa kama muntu mukubwa!" alisema Mbonigaba, naye akapiga makofi.

Victorine aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Nyumba ikashuka kidogo wakiwa wanapiga makofi, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Mbonigaba alishusha mikono.

"Haidanganyike," alisema. Wakala jogoo. Alikuwa mtamu.

Majani ya pareto yakaanza kugusa mizizi iliyoning'inia chini ya sakafu. Evode akaja na fimbo. Upande wa mlango iliingia. Upande wa nyuma iligoma, akaisukuma, ikatoka na udongo kwenye ncha. Aliufuta udongo kwa kidole, akautazama.

"Ni mawe," Mbonigaba alisema. "Umepiga jiwe."

"Inawezekana jiwe," Evode alisema. Alikuwa anataka liwe jiwe. "Lakini Bwana Murefu anakuja kesho, atajionea yeye mwenyewe. Mutoe vintu vyenu mapema, ndugu yangu. Vyungu visivunjike."

Mukamurenzi hakutoa kitu. Asubuhi aliwasha moto kama kawaida, akampa mtoto uji, akamvalisha gauni alilolishona mwenyewe kwa ubatizo. Ubatizo wa Victorine ulikuwa umefanyika bila kungoja karamu, na gauni sasa lilimfikia magotini. Wachumaji walikuwa tayari shambani, wanawake wengi, kila mmoja na kapu lake, wametoka vijiji vya mbali. Mukamurenzi hakujua majina yao. Mbonigaba alikuwa miongoni mwao, ameinama, anachuma bila kuangalia anachochuma.

Bwana Murefu alifika kwa miguu, kwa sababu gari halikupanda mlima. Alitazama nyumba, akatazama fimbo ya Evode, akasema, "Toa vitu. Toa watu."

Evode alikwenda mlangoni. Ngazi haikuhitajika tena. Victorine alikuwa amesimama kizingitini, kijiko mkononi. Evode akainama, akamnyooshea mikono, akasema kwa sauti ya upole, maana naye alikuwa na watoto, "Kuja, mama mudogo. Kuja, tushuke."

Victorine aliiangalia ile mikono. Alikuwa bado hajasema neno lolote maishani mwake.

"Hapana," akasema.

Lilitoka safi, silabi zote, kama sahani inayowekwa mezani. Evode akabaki na mikono hewani. Mchumaji mmoja aliyekuwa karibu aliinua kichwa. "Mutoto anasema nini?" aliuliza.

"Amesema hapana!" Mukamurenzi alisema. Sauti yake ilipanda yenyewe. "Njo neno lake la kwanza! Munasikia? Papa Victorine, mutoto amesema!"

Mbonigaba akatupa kapu. Mchumaji wa karibu akacheka, akamwambia wa pili, wa pili akamwambia wa tatu, na neno likashuka mlimani kutoka mstari hadi mstari. Wanawake wasiomjua mtoto yule wakapiga vigelegele, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na wake aliyemwacha nyumbani na bibi, na labda naye asubuhi ileile alikuwa anasema kitu. Victorine alipoona limependwa, akalirudia. "Hapana. Hapana. Hapana."

Nyumba ikang'oka kwenye pareto. Ilipanda mpaka kizingiti kikawa juu ya kofia ya Bwana Murefu, na udongo kidogo ukamwangukia begani. Aliupangusa. Akapita chini ya nyumba, akatokea upande wa pili, akarudi.

"Kivuli," alimwambia Evode. "Hii nyumba inaharibu maua na kivuli."

Kwa hiyo iliamuliwa kwamba Mbonigaba atafanya kazi pia Jumamosi jioni, bila malipo, kwa ajili ya kivuli. Bwana Murefu akashuka mlima. Wachumaji wakarudi kwenye mistari yao. Mbonigaba akaokota maua aliyoyamwaga, moja moja, kwa sababu Evode alimwambia ayaokote; kisha Evode mwenyewe akachuchumaa, akamsaidia.

Misimu miwili ya mvua baadaye Mukamurenzi alizaa mtoto wa kiume. Siku ya kumpa jina inataka watoto wa jirani: wanalima kipande kidogo cha udongo kwa vijiti mbele ya nyumba, mkubwa mmoja anawanyunyizia maji kama mvua, wanakimbilia ndani wakipiga kelele, wanakula maharagwe, na kila mmoja anamtajia mtoto jina. Majirani hawakuwapo. Udongo wa kulima pia haukuwapo.

Lakini habari ilikuwa imefika Kashuga. Asubuhi ya siku hiyo Mukamurenzi aliona watu wakipanda katikati ya maua, wamefuatana kwenye kijia cha wachumaji. Mbele alikuwa Dancille, nyuma yake watoto, wake na wa wengine, na kila mtoto alibeba jani la mgomba lililokunjwa. Walipanda ngazi mmoja mmoja. Ndani ya kila jani mlikuwa na udongo mweusi.

"Tumetoka nao kule tunalima sasa," Dancille alisema. "Si mwingi. Kule pia tunapewa kidogo."

Wakaumwaga sakafuni, karibu na mlango, wakausambaza kwa viganja. Watoto wakachukua vijiti, wakalima, Victorine katikati yao akimkataza kila mtu kwa neno lake. Dancille akachovya majani kwenye maji, akanyunyiza. Wakakimbilia ndani zaidi, kwenye maharagwe. Mmoja alimwita mtoto Mvua, mwingine akamwita Kijiko, mdogo kabisa akamwita Maharagwe, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Mbonigaba akasubiri wamalize, akasema ataitwa Hakorimana. Mtoto alilala muda wote.

Hakuna aliyeona nyumba ikipanda. Saa za kurudi zilipofika, Dancille aliweka mguu nje, akaurudisha. Ngazi ilikuwa chini kabisa, imesimama peke yake, haifiki.

Mbonigaba alimwita Evode aliyekuwa shambani, akamwomba ruhusa ya kukata mti mmoja wa kurefushia ngazi. Evode alitazama mikalitusi iliyokuwa kando ya shamba.

"Mbonigaba aliipanda mwenyewe," Dancille alimwambia kutoka juu.

"Najua," Evode alisema. "Nilimusaidia kuipanda. Lakini miti inasimama kwa udongo."

Basi wakafunga vitenge, kimoja kwa kingine, vya Dancille na vya Mukamurenzi na shuka ya kitanda, na watu wakateremshwa, watoto kwanza. Watoto walipenda sana. Wawili waliomba kurudia. Evode alisimama chini, akawapokea mmoja mmoja, akawaonyesha pa kukanyaga ili wasiguse maua, wakaenda zao kwenye kijia wakiimba, mpaka ukungu ukawafunika.

Kesho yake asubuhi Mbonigaba alishuka kwa vitenge vilevile. Mukamurenzi akamteremshia kapu. Umande ulikuwa bado haujakauka, na maua ya kivulini ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguka. Akaanza na hayo.