Mkono Mdomoni

Ilikuwa mara ya tatu binti yangu kupanda kitanda kile. Mimba ya wiki kumi na tatu, na kila tukija mtoto kajiziba mdomo kwa mkono.

"Bado," mpimaji alisema, akisukuma kifaa chake juu ya tumbo lililopakwa mafuta. "Mama, lala ubavu. Kohoa."

Akakohoa. Mkono palepale.

"Kaidi huyu."

"Kamrithi babu yake," binti yangu alisema. "Baba, zungumza naye."

"Nizungumze na nani? Hata masikio hana."

"Masikio anayo, mzee," mpimaji alisema.

Mkwe wangu yuko safarini, mke wangu magoti yanamsumbua, kwa hiyo ni mimi. Siku tatu nimefunga karakana, mageti ya watu yamelala bila kuchomelewa, nakuja kutazama ukungu kwenye kioo cha mashine.

Mpimaji akaichukua fomu. "Hapa mmeandika kwenu hakuna aliyezaliwa na mdomo sungura. Basi sitawasumbua tena, mtarudi wiki ya ishirini kama wengine. Angekuwepo, ningewaandikia leo kwa daktari bingwa. Mashine yake inaonyesha mpaka kaakaa."

"Hakuna," binti yangu alisema, akijifuta tumbo.

Fomu niliijaza mimi. Nilishonwa mdomo nikiwa na miaka saba, na darasani wakaniita Sungura mpaka nikaacha shule. Masharubu yalipoota sikuyanyoa tena. Binti yangu kazaliwa kayakuta. Mke wangu kaniambia tangu mwezi jana: usiposema wewe, nitasema mimi. Na mimi, mtu mzima, nimefika kwenye neno lile, nikaandika HAKUNA kwa herufi kubwa.

"Futa hapo," nilimwambia mpimaji. "Andika yupo."

"Nani?"

Nikayainua masharubu kwa kidole. Mpimaji akasogea, akalitazama kovu kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Akaanza kuandika barua.

Binti yangu alikaa kitandani, blauzi bado iko juu.

"Ndiyo maana hupigi mluzi," alisema. "Miaka yote hiyo nadhani ni ukali tu."

"Ukali upo pia. Vaa, twende kwa huyo bingwa."

"Ngoja kwanza." Akaonyesha kioo, picha ya mwisho bado imeganda pale, mtoto na mkono wake. "Masikio anayo. Mwambie na yeye autoe mkono."