Wasiwasi Kidogo

Pale hospitalini walimwita Bi Mpole, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kumtafsiria daktari mgeni, ambaye Kiswahili chake kilianzia na kuishia kwenye "pole". Daktari alitoa maneno makavu. Bi Mpole aliyapokea, akayapooza, ndipo akampa mgonjwa. Watu walitoka wakimshukuru, naye, tuseme ukweli, kichwa kilimvimba.

Siku moja akamleta mama yake mkubwa, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni. Daktari aliupapasa uvimbe kwenye titi, akasema ni "worrisome". Bi Mpole alilijua neno hilo vizuri. Daktari akilisema, hamaanishi kwamba mtu ana woga; anamaanisha kitu chenyewe kinastahili kuhofiwa, na hapo si pa kulaza damu hata kidogo.

Lakini Mama Mkubwa alikuwa anamtazama usoni.

"Amesemaje, mwanangu?"

"Anasema uvimbe unamtia wasiwasi kidogo. Urudi upimwe."

"Kidogo?"

"Kidogo tu, mama."

"Haya, ngoja kwanza nimalize sare za shule. Wateja wangu watanitoa roho!"

Bi Mpole akacheka naye. Sare zilipoisha zikaja nguo za harusi, kisha mapazia ya hoteli. Kila alipotaka kumhimiza aliona aibu kulikuza neno alilolipunguza mwenyewe. Akajipa moyo kwamba wiki ijayo atasema, na wiki ijayo ikawa na wiki yake ijayo.

Waliporudi, daktari alipima, akavua glavu polepole. Neno lile hakulitumia tena. Aliuliza jambo moja tu.

"Amesemaje?"

"Anauliza... anauliza kwa nini hukuja mapema, na yeye alishakwambia ni jambo la kutisha."

Mama Mkubwa alimtazama binti wa mdogo wake kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akijua hakirudi. Bi Mpole alitamani agombezwe, apigwe hata kofi, mbele ya daktari.

Mama Mkubwa akamshika mkono.

"Mwambie nilikuwa na kazi nyingi."

Bi Mpole akafuta machozi, akamgeukia daktari, akatafsiri neno kwa neno.